Laini Hata Mlenda

Wekeni simu chini kwanza. Najua siku hizi unalipiga picha jani na simu inakutajia jina la mti, Mercy alinionyesha. Mercy ndiye binti anayesimamia kitalu sasa. Aliupiga picha mkwaju wetu pale langoni, simu ikafikiri, ikatupa jina la mti wa Brazili. Akapiga tena, ikatoa jina jingine. Nikamwambia, mwanangu, mkwaju huo ulikuwa hapo kabla mamako hajazaliwa, ungeuuliza wenyewe. Akacheka. Mercy ni mtu wa bara, huniita shosh, yaani nyanya, nami nimeshazoea kuitika. Ndiye aliyeniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi hii, niwaeleze sisi tuliijuaje miche wakati hakuna simu wala vibao vya kudumu. Nikamwambia nitaandika, lakini nitaandika na langu moja ambalo halimo katika alichoniomba.

Mimi ni Mwanaisha. Nimefanya kazi katika kitalu cha Bwana Twalibu, hapa hapa Utange, tangu ni mwali hadi magoti yalipokataa kuchutama. Sikuijua kazi nyingine.

Haya, sikizeni. Jani usiliguse kwa ncha ya kidole. Ncha ya kidole cha mtu wa kitalu imekufa, imeshakula samadi, mchanga, kamba na fito. Inakudanganya, inakwambia kila kitu ni sawa. Jani unaligusa kwa shavu, hapa chini ya jicho, ngozi ambayo haijawahi kushika jembe. Na uliguse asubuhi, kabla jua halijalichosha na baada ya umande kukauka. Jani lenye maji shavu halilijui.

Ila ujue pia ni jani gani usilibandike shavuni. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na bidii ya mgeni, kila mti nakwenda nao uso kwa uso, nikafika kwenye msasa. Msasa ni ule mti ambao mafundi wa zamani walikuwa wakisugulia mbao kwa majani yake, mpaka karatasi ya dukani ya kusugulia ikarithi jina. Nikaupitisha shavuni kwa nguvu zangu zote. Jioni ile nilikuwa na harusi ya binamu yangu Kisauni. Nilikwenda na shavu moja limechunika, wanawake wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama mume wangu ndiye aliyenipiga. Na huyo mume nilikuwa bado sijampata.

Aliyenifundisha mambo ya shavu ni Mama Kadzo. Alikuwa Mgiriama wa pande za Kaloleni, mfupi, leso mbili kiunoni, ugoro haumtoki mdomoni. Bwana Twalibu alimwajiri kung'oa magugu. Baada ya miezi michache akagundua kuwa huyu mama haing'oi miche kwa makosa hata ikiwa imechanganyikana na majani ya porini, akamtoa kwenye magugu na kumpa kazi ya kuchagua. Mteja akija anataka miche ishirini, Mama Kadzo ndiye anayepita kwenye mistari na kuitoa mmoja mmoja. Watu walikuwa wakisema mche wa mkono wa Mama Kadzo haufi. Wengine wakivuka feri kutoka Likoni wanamfuata yeye tu.

Hakujua kusoma. Jani alilisoma hivi: analinyanyua alitazame na jua liko nyuma yake, aone mishipa imekaaje. Analidondoshea tone la maji aone kama litakaa duara au litatandaa. Halafu analikunja karibu na sikio, polepole. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani anasikiza mambo ya kiganga. Akanivuta kichwa, akalikunja jani jingine sikioni mwangu, akaniuliza, "Limesema nini?"

"Halijasema kitu, Mama."

"Basi nalo ni jibu." Ndipo akalipeleka shavuni.

Mnaona, nyinyi mmefundishwa kutazama umbo. Jani la mviringo, jani la mkuki, jani lenye vidole. Umbo zuri, sikatai, lakini mche wa shibiri moja bado ni mtoto, na watoto hufanana. Kinachoanza kujulikana mapema ni ngozi. Mlonge, kwa mfano, vijani vyake ni vidogo na vyepesi, ukivipitisha shavuni havikugusi vyote kwa pamoja. Mrihani una vinywele usivyoviona, unakushika kidogo kabla haujakuachia. Mvinje hauna jani la kuzungumzia, ni nyuzi tu, lakini nyuzi zile zina pingili, na ukizivuta kati ya midomo unazihesabu.

Sasa kosa langu. Nalizunguka, najua.

Bwana Twalibu alikuwa mtu wa hasira za haraka na huruma za haraka, kwao ni watu wa zamani wa Kisauni. Siku moja alileta daftari kubwa la jalada gumu, akanipa mimi kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri. Sijisifu, mpaka leo watu hunipa kadi za harusi niwaandikie. Akasema, "Mwanaisha, kaa na Mama Kadzo, andika kila mti na jani lake lilivyo, ili hata siku Mama hayupo mtu aweze kuujua."

Tukawa tunakaa chini ya neti ya kivuli kila siku baada ya kumwagilia. Mama Kadzo anashika jani, anasema, mimi naandika. Na alikuwa anasema kirefu, mama yule. Jani moja anaweza kulisema mpaka chai ikapoa. Mimi nikawa nafupisha. Yeye hasomi, nani atajua? Lakini alikuwa na tabia ya kuniambia nimsomee nilichoandika.

"Umeandika nini hapo?"

"Jani laini."

"Laini?" Akatema ugoro pembeni. "Laini hata mlenda. Mtu akija anataka mti wa kupanda mlangoni utampa mlenda?"

"Sasa niandikeje, Mama?"

"Laini vipi. Ya kuteleza ama ya kushika? Ukilikunja linarudi, ama linabaki na kovu? Lina baridi ama halina? Laini ni neno la mtu aliyechoka, mwanangu. Futa."

Nilifuta, mara mbili tatu. Baadaye nikagundua kwamba nikimsomea kile alichokisema yeye, wala si nilichokiandika, ananyamaza na tunasonga mbele. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri ya kusikia. Basi nikawa namsomea maneno yake hewani, na kwenye karatasi naweka yangu mafupi.

Mkilifi nyote mnaujua, bara wanauita mwarobaini, unachemshwa kwa homa na kuogewa kwa vipele. Nao una nduguye aliyeletwa kutoka nje, mti wa kivuli wenye maua ya zambarau, unakua upesi sana. Sisi kitaluni tuliuita hivyo hivyo, Ndugu. Ndugu huyu hanywewi, matunda yake ni sumu na majani yake si ya kutia tumboni. Ikishatoa maua hata mtoto anaitofautisha. Ikiwa bado michanga kwenye mifuko yake myeusi, wallahi, hapo ndipo pana kazi.

Mama Kadzo alisema hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Mkilifi jani lake kavu juu, ukingoni lina meno, yanakukwaruza shavu kidogo tu kama ulimi wa paka. Ukilikunja linalia, na kovu halitoki. Ndugu yake ni jembamba, lina baridi, ukilikunja linalala kimya, ukiliachia linarudi kama hukulifanya kitu."

Ilikuwa saa saba mchana. Jirani wa kitalu alikuwa anakaanga viazi vya karai na harufu yote inakuja kwetu. Nikaandika kwenye mkilifi: Jani laini, limechanika kama unyoya. Nikafungua ukurasa wa Ndugu nikaandika: Jani laini, limechanika kama unyoya. Nikamsomea Mama Kadzo maneno yake mwenyewe, akaridhika, nikaenda kula viazi.

Hebu nipumzike kidogo na jambo jepesi. Kuna bwana mmoja wa Changamwe, mfanyakazi wa kiwanda, alikuja akasema, "Nataka mmea usiotaka maji, usiotaka jua, na usiotaka mimi niwepo nyumbani." Mama Kadzo akaniambia, "Huyo anataka picha." Na kuna mama mwingine aliyekuja anatafuta mmea uliokuwa katika ua wa nyanyake Frere Town, jina halijui, rangi haikumbuki. Anachokumbuka ni kwamba akipita na sketi yake ya shule ulikuwa unamgusa miguu. Mtu mwingine angemwambia nenda ukafikiri. Mama Kadzo akamuuliza, "Ulikuwa unakushika kidogo ama unakupita tu?" Unanishika. "Na ukishaondoka mguu unanuka?" Unanuka, mpaka darasani. Mama Kadzo akaenda mwisho wa mstari, akarudi na kivumbasi. Yule mama alikipitisha mkononi akaanza kulia pale pale. Ndiyo maana nawaambia, watu hawakumbuki majina ya miti, wanakumbuka ilivyowagusa.

Haya, narudi.

Ilikuwa masika. Vibao vyetu vilikuwa vijiti vilivyoandikwa kwa wino, na mvua ya siku nne mfululizo ilivifua vyote vikawa vyeupe. Mama Kadzo alikuwa Kaloleni kwenye matanga ya kakake. Akaja Maalim Juma kutoka Likoni, mwalimu wa madrasa, kwao ni watu wa mashamba tangu na tangu. Alikuwa ameazima gari la kubebea, anataka mikilifi thelathini ya kuzungusha ua wake na madrasa, na gari linatakiwa kwa mwenyewe kabla ya adhuhuri.

Akaniuliza, "Mama Kadzo yupo? Mimi nataka iliyopita mkononi mwake."

Ningesema hayupo, rudi Jumatatu. Maneno matatu. Lakini niliona ni aibu mtu kuvuka feri na gari la kuazima halafu arudi mikono mitupu, na kusema kweli nilitaka kujiona na mimi naweza. Nikasema, "Alishaichagua, Maalim, iko tayari."

Nikaingia chini ya neti. Mistari miwili, vijiti vyeupe. Nikafungua daftari kwenye mkilifi, nikasoma. Nikafungua kwenye Ndugu, nikasoma. Nilisimama pale nikiyatazama maandishi yangu mazuri yakiniambia kitu kimoja mara mbili. Majani yote yalikuwa na maji ya mvua, nikayashika kwa ncha ya vidole, yote laini. Mwisho nikachagua mstari uliokuwa na afya zaidi, mirefu, imenawiri. Nimekwishawaambia kuwa Ndugu hukua upesi.

Tulikuwa na kitabu cha kutolea miche. Unaandika tarehe, mteja, mti, na mwisho jina la aliyechagua. Pale mwisho niliandika Mama Kadzo.

Mwaka ukapita na miezi juu yake. Siku hiyo Maalim Juma aliingia langoni, akatoa salamu bila kungoja jibu, na kwa mtu kama yeye hilo peke yake lilinitia baridi. Mkononi ana kitawi chenye maua ya zambarau. Mamake, Bi Mishi, alikuwa ameshikwa na homa. Akafanya alivyofanya maisha yake yote, akachuma majani ya mti wa uani kwake, ukiwa bado haujatoa maua, akachemsha na kunywa. Uchungu aliusikia, na uchungu ndio aliouzoea. Alitapika mpaka akalegea, akalazwa hospitali siku mbili. "Hajafa," Maalim akasema, "Mungu amemsitiri. Lakini nataka nijue ni nani aliyenipa hii."

Bwana Twalibu alikuwa amekaa kwenye benchi. Akamtazama Mama Kadzo, na sote tulijua anatazama nini. Macho ya Mama Kadzo yalikuwa yameanza kuwa na ukungu, mtoto wa jicho, wiki ile ile alikuwa ameligonga pipa la maji.

"Mama," akasema, "macho yako."

"Mkilifi siukosei mimi," Mama Kadzo akasema. "Hata kwa macho yaliyotobolewa."

"Kitabu kitasema."

Mama Kadzo akanigeukia. Hakumwangalia Bwana Twalibu wala Maalim. "Kitabu mimi sikijui. Nisomee, Mwanaisha."

Nilikifungua. Nilikuwa na nafasi pale, wanangu, pana kama lango la bandari. Nikasoma tarehe, nikasoma Maalim Juma wa Likoni, nikasoma mikilifi thelathini. Nikasoma, "Aliyechagua, Mama Kadzo."

Nilijua Mama Kadzo anaitafuta siku hiyo kichwani mwake na haioni, kwa sababu haikuwepo. Mwisho akasema, "Basi kama kimeandikwa." Akafungua leso moja kiunoni, akajifuta mikono, akaondoka. Hakuna aliyemwambia kwa mdomo kuwa amefukuzwa. Kesho yake hakuja, na Bwana Twalibu hakumwita.

Nilijiambia maneno mengi wiki zile. Kwamba mimi ndiye ninayemlisha mama mgonjwa nyumbani, nikifukuzwa hatutakula. Kwamba Mama Kadzo ni mtu mzima na macho yanaisha, angeondoka tu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Nilikuwa nimepewa kazi yake ya kuchagua, na kila mche niliotoa nilikuwa nautoa kwa hofu.

Asubuhi moja nilikwenda kwenye ile mistari miwili, michanga mipya. Nikachuma jani la mkilifi, nikaliweka shavuni. Likanikwaruza kidogo tu. Nikalikunja sikioni, likalia. Nikachuma la Ndugu, baridi, nikalikunja, kimya. Basi. Ilikuwa ni kazi ya kupumua mara mbili. Nilikaa chini kwenye matope nikalia kwa aibu, kwa sababu mpaka siku ile nilikuwa najitetea kwamba ni vigumu kuitofautisha.

Nikainuka na matope yangu nikaenda kwa Bwana Twalibu nikamwambia yote, viazi vya karai na yote. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa akizungusha kofia yake mkononi, akasema, "Nenda kamlete. Akikataa kuja, na wewe usirudi."

Mama Kadzo alikaa ndani zaidi, hapa hapa Utange, enzi hizo kulikuwa mashamba matupu. Nilimkuta mlangoni anapepeta kunde. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nilimwambia nimesimama, nikashindwa, nikapiga magoti nikamalizia. Siku ile Mama ulikuwa Kaloleni. Nilichagua mimi. Niliandika wewe. Na nikakusomea nikijua.

Ungo ukaendelea kupepeta. Kisha akauweka chini.

"Nimesikia," akasema. "Umesema kwa mdomo. Lakini mimi sikufukuzwa na mdomo, nilifukuzwa na kitabu. Kitabuni umeandika?"

"Nitaandika, Mama."

"Haya." Akazimimina kunde kwenye sufuria, akafunga mlango kwa kamba, akaniwekea mkono begani. "Twende. Tembea polepole, njia siioni vizuri."

Kesho yake alichagua mikilifi thelathini, na kila mche alioutoa alinipa na mimi niutie shavuni kabla haujaingia kwenye mkokoteni. Tulivuka feri nayo sisi watatu, Bwana Twalibu akishika mpini mwenyewe kama hamali. Kwenye feri Mama Kadzo akaanza kuihakikisha upya, shavu langu, shavu lake, watu wanatutazama. Mtu mmoja akauliza kama tunaibusu. Mama Kadzo akamjibu, "Tunaiomba radhi."

Kule Likoni Maalim Juma alikuwa ameshaikata ile miti, visiki vimebaki kuzunguka ua. Bi Mishi alikuwa amekaa kibarazani na shuka mabegani, mwili umepungua. Bwana Twalibu alianza kusema, nikamkatiza, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nikasema, "Mama, ni mimi. Si huyu." Nikamweleza.

Bi Mishi alinitazama muda mrefu, akamtazama na Mama Kadzo. Mwisho akasema, "Kaeni mnywe chai. Lakini chai nitaipika mwenyewe, hamnigusii birika."

Tulipanda mikilifi ile mpaka alasiri.

Baada ya hapo tuliliandika daftari upya, mimi na Mama Kadzo, karibu mwaka mzima. Sikuwa nafupisha tena. Macho yake yalikuwa yanakwenda, na kadiri yalivyokwenda ndivyo maneno yake yalivyozidi kuwa ya karibu. Alikuwa anaweza kuniambia jani hili limelala na kiu jana. Yalipozimika kabisa aliendelea kuchagua, nikimwongoza mkono kwenye mstari, na sikumwona akikosea. Kurasa za zamani alinikataza kuzing'oa. Alisema mche uliokufa hautupwi, unaachwa kwenye mfuko wake mpaka ujulikane umekufa kwa nini.

Lakini kuna lile nililomwahidi. Kitabu cha kutolea miche kilikuwa ghalani, kwenye rafu, hatua kumi kutoka nilipokaa. Nilisema nitaandika kesho. Nikasema baada ya Ramadhani. Yeye hakuniuliza mara ya pili, na mimi nilichukua kule kunyamaza kwake kuwa amesahau, au amesamehe, nilichagua lile lililonipumzisha. Nilipokwenda kukitafuta miaka mingi baadaye, mchwa walikuwa wamekila, limebaki jalada. Mama Kadzo akafariki mwaka uliofuata. Kule Kaloleni nilisimama na watu wengine kaburini, nikatia udongo, na nilikuwa na deni la mstari mmoja ambao hata pa kuuandika palikuwa hapapo tena.

Mwezi uliopita Mercy alikuja kwangu na lile daftari la majani. Analipiga chapa kwenye kompyuta, ukurasa kwa ukurasa, na ana subira ambayo mimi sikuwa nayo umri wake. Akaniambia, "Shosh, hapa mkilifi umeandikwa mara mbili. Kuna huu mrefu mzuri, wa kulia na kovu na ulimi wa paka. Halafu kuna huu wa kwanza, jani laini, limechanika kama unyoya. Na kwa ule mti mwingine ni hayo hayo. Ni makosa, siyo? Nifute?"

Alikuwa ameshaweka kidole tayari.

"Usifute," nikamwambia. "Uache kama ulivyo. Na chini yake andika: aliyechagua, Mwanaisha."